Dozi ya Mionzi Katika CT-Scan: Yanayoamuliwa Kabla ya Kubonyeza Kitufe

Nimefanya kazi ya radiolojia kwa miaka mingi katika hospitali ya rufaa ya mkoa nchini Tanzania, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia mbele ya skrini ya mashine ya CT-Scan, ile inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, kipande kwa kipande. Kama kuna jambo ambalo ningependa kila mwenzangu anayeanza kazi hii alijue mapema, ni kwamba kiasi cha mionzi anachopata mgonjwa hakiamuliwi na mashine peke yake. Kwa sehemu kubwa huamuliwa na watu, tena kabla kitufe hakijabonyezwa: daktari aliyejaza fomu ya kipimo, mtaalamu aliyemlaza mgonjwa mezani, na yule aliyepanga kipimo kianzie wapi na kiishie wapi. Mashine mpya ya gharama kubwa huweza kumpa mgonjwa dozi kubwa kuliko mashine ya zamani, iwapo wanaoitumia hawakuyapa maamuzi hayo uzito wake.

Ni vyema kwanza tukubaliane kuhusu ukubwa wa jambo lenyewe. Eksirei moja ya kifua humpa mgonjwa dozi isiyozidi sehemu moja ya kumi ya milisivati, kizio kinachoeleza uzito wa mionzi kwa afya ya mwili mzima. CT ya kichwa huwa karibu milisivati 2, ya kifua karibu 7, na ya tumbo pamoja na nyonga hufika 8 hadi 10. Mionzi ya asili, itokayo ardhini, angani na ndani ya miili yetu wenyewe, humfikia binadamu kwa wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka duniani kote. Kwa hiyo CT moja ya tumbo ni sawa na miaka mitatu au minne ya mionzi ya asili, ikipokelewa kwa sekunde chache. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, hukadiria kwamba milisivati 10 huongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa kiasi cha mtu mmoja kati ya 2,000. Ni makadirio ya jumla ya watu, si utabiri juu ya mtu fulani, na ukiyalinganisha na saratani zinazotokea bila kipimo chochote utaona kuwa ni kiasi kidogo. Kijana aliyeanguka na bodaboda, akapiga kichwa kwenye lami na sasa anaanza kusinzia, anahitaji CT ya kichwa mara moja, kwa sababu damu inayovuja ndani ya fuvu inaweza kumuua ndani ya saa chache. Sijawahi kumshauri mgonjwa wa namna hiyo aahirishe kipimo, na sitamshauri mtu yeyote afanye hivyo. Ninachokihangaikia ni mionzi ile isiyoongeza lolote katika jibu la daktari.

Sisi wafanyakazi tuna kikomo cha dozi. Tume ya Kimataifa ya Kinga ya Mionzi imekiweka kwenye wastani wa milisivati 20 kwa mwaka katika kipindi cha miaka mitano, na usipite 50 katika mwaka wowote mmoja. Tunavaa beji za kupimia mionzi kifuani, nazo hupelekwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania ili zisomwe. Mgonjwa hana kikomo cha namna hiyo, na kuna sababu ya msingi: kumwekea kikomo kungeweza kumnyima kipimo kinachookoa maisha yake. Badala ya kikomo amewekewa kinga mbili. Ya kwanza ni kwamba kipimo kiwe na sababu ya haki, na ya pili ni kwamba kifanyike kwa dozi ndogo kadiri iwezekanavyo bila kuharibu jibu linalotafutwa. Kinga hizo mbili hazina chombo cha kuzisimamia pale chumbani isipokuwa sisi wenyewe. Ndiyo maana naamini ule ukurasa wa dozi unaotokea mwisho wa kila kipimo ndio beji ya mgonjwa, na asiyeusoma ni sawa na aliyeitupa beji hiyo bila kuitazama.

Kwenye ukurasa huo kuna namba mbili za msingi. CTDIvol, inayopimwa kwa miligrei (sehemu ya elfu ya grei, kizio cha mionzi inayofyonzwa), huonyesha ukali wa mionzi katika kila kipande cha eneo lililopigwa. DLP ni hiyo CTDIvol ikizidishwa kwa urefu wa eneo kwa sentimita, kwa hiyo inaeleza mzigo mzima wa kipimo. Mtu anayetaka makadirio ya milisivati huzidisha DLP kwa kigawo cha sehemu ya mwili: kwa tumbo la mtu mzima ni 0.015, kwa kichwa ni kama 0.0021. DLP ya 600 kwenye tumbo inakuwa milisivati 9. DLP ya 1,000 kwenye kichwa inakuwa milisivati 2 na kidogo tu, ingawa namba yenyewe ni kubwa zaidi, kwa sababu kichwani hakuna viungo vingi vinavyodhurika upesi kama vilivyomo tumboni na kifuani. Hesabu hii ni nyepesi, na kila ninapomwonyesha mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo namwona akianza kuutazama ukurasa ule kwa macho mengine.

Kuna mtego mmoja ambao ni lazima niusemee. CTDIvol haipimwi ndani ya mwili wa mgonjwa; hukadiriwa kwa kutumia mtungi wa plastiki ngumu wenye kipenyo cha sentimita 16 kwa vipimo vya kichwa, au 32 kwa vipimo vya kiwiliwili. Mtoto mdogo akipigwa CT ya tumbo, na mashine ikaripoti dozi yake kwa mtungi wa sentimita 32, namba inayoonekana huweza kuwa karibu nusu ya dozi ambayo mwili wake mwembamba umepokea kweli. Wanafizikia wa tiba wa Marekani walitoa mwaka 2011 jedwali la kusahihisha tofauti hiyo kwa kufuata upana wa mwili wa mgonjwa. Kabla ya kuridhika na namba ndogo ya mtoto, ni lazima mtu aangalie maandishi madogo yaliyo pembeni yake ili ajue ni mtungi gani uliotumika.

Lakini namba hizo zote huja baadaye. Penye nafasi kubwa kuliko zote ya kupunguza mionzi ni kwenye fomu ya maombi, kwa sababu kipimo kisichofanyika kina dozi ya sifuri, na hakuna programu ya kompyuta inayoweza kufikia hapo. Fomu nyingi hutufikia zikiwa na maneno mawili, "maumivu tumbo", na chini yake sahihi. Zamani idara yetu ilizipokea kama amri. Siku hizi tunampigia aliyeiandika. Nakumbuka daktari mmoja wa mafunzo aliyeomba CT ya tumbo kwa binti wa miaka kumi.

"Shikamoo, mama. Naomba mtusaidie leo hii, mtoto ana maumivu makali upande wa kulia chini."

"Marahaba, daktari. Mnashuku kidole tumbo?"

"Ndiyo, mama."

"Ameshafanyiwa utrasaundi?"

Hakuwa amefanyiwa. Mashine ya utrasaundi ilikuwa chumba cha pili kutoka kwangu, haina mionzi kabisa, na daktari bingwa wa radiolojia alikuwapo. Mtoto alipimwa, kidole tumbo kilichovimba kilionekana, akapelekwa kwa wapasuaji jioni ile ile. Daktari yule hakuwa mzembe hata kidogo. Alikuwa amechoka, wodi imejaa, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba sisi wa radiolojia tunapaswa kuulizwa swali wala si kupewa agizo. Tangu tulipobandika katika kila wodi karatasi inayoomba fomu ieleze swali linalohitaji kujibiwa na vipimo vilivyotangulia, mazungumzo yamekuwa mepesi, na mara nyingi daktari mwenyewe hubadili ombi kabla hatujasema neno.

Hivyo vipimo vilivyotangulia ni habari nyingine kubwa. Mgonjwa hutoka hospitali moja akiwa amepigwa CT, anakuja kwetu kwa rufaa mikono mitupu, au na sidii isiyofunguka kwenye kompyuta zetu, au na filamu mbili zilizokunjwa ambazo hazionyeshi sehemu yenye ugonjwa. Njia rahisi ni kurudia. Nimejifunza kwamba simu moja kwa wenzetu kule alikotoka, hata kama itachukua nusu saa, mara nyingi huleta picha zenyewe kwa njia ya mtandao, na mgonjwa akaepuka dozi nzima pamoja na gharama ambayo familia yake ingehangaika kuipata. Tunawasisitizia ndugu wa mgonjwa waitunze sidii kama wanavyotunza kadi ya kliniki, wala wasiiache nyumbani wanapokwenda hospitali nyingine.

Baada ya fomu linakuja suala la awamu. CT ya tumbo inaweza kupigwa bila dawa ya kontrasti, ile inayodungwa ili mishipa na viungo vionekane vizuri, kisha wakati dawa iko kwenye mishipa ya ateri, kisha inapofika kwenye vena ya ini, kisha tena baada ya dakika kadhaa inapochujwa na figo. Kila awamu ni kipimo kamili chenye dozi yake, hivyo awamu nne zina mzigo unaokaribia mara nne ya awamu moja. Kuna magonjwa yanayodai hivyo. Uvimbe wa ini unaoshukiwa kuwa saratani hutambulika kwa namna unavyoipokea dawa na kuiacha, na hapo kupunguza awamu ni kumdhulumu mgonjwa. Lakini mtu anayetafutiwa usaha tumboni, au anayefuatiliwa tezi za limfu, kwa kawaida hutosheka na awamu moja ya vena. Anayeshukiwa kuwa na mawe ya figo hahitaji dawa kabisa, na kwa kuwa jiwe ni gumu na linang'aa kwenye picha, anaweza kupigwa kwa mionzi michache sana na jiwe likaonekana vilevile. Katika sehemu nyingi nilizopita, "piga bila dawa halafu na dawa" limekuwa kama sala ya kufungulia kazi. Linafanywa kwa sababu ndivyo lilivyokutwa. Tulikaa na daktari bingwa wetu, tukaipitia itifaki, yaani mpango wa kila kipimo, moja baada ya nyingine, tukiuliza katika kila awamu kama yeye huitazama kweli anapoandika ripoti. Zile ambazo alikiri kuwa haziongezi neno kwenye ripoti zake tuliziondoa. Katika yote tuliyoyafanya, sidhani kama kuna lililopunguza dozi kwa kiasi kikubwa kama kikao kile.

Sasa tuje mezani, mahali ambapo kazi yetu ya mikono inaonekana. Mashine za kisasa zina mfumo wa kujirekebishia mkondo wa umeme kwenye mrija wa eksirei: hutazama picha ya awali, ile tunayoiita skauti, hukadiria unene wa mgonjwa, kisha huongeza mkondo palipo nene kama mabegani na kuupunguza palipo pembamba kama shingoni. Wengi hudhani kwamba mfumo huo ukishawashwa kazi imekwisha. Haujui, hata hivyo, kama mgonjwa amelazwa katikati. Tuchukue mashine inayopiga skauti huku mrija ukiwa chini ya meza. Meza ikiachwa chini mno, mgonjwa anakuwa karibu na mrija, kivuli chake kinatanuka, mashine inamhesabu kuwa mnene kuliko alivyo, na mkondo unapanda bila sababu. Mrija ukiwa juu, kosa lile lile humfanya aonekane mwembamba, picha zinajaa chengachenga, na pengine kipimo kinarudiwa. Zaidi ya hayo, mbele ya mrija kuna kichujio kilicho chembamba katikati na kinene pembeni, kilichoundwa kwa kudhani kwamba sehemu nene ya mwili iko katikati kabisa ya duara. Mgonjwa akitoka kwenye kitovu hicho, sehemu ya ngozi yake hupata mionzi ambayo ilikusudiwa kuzuiwa.

Kwa hiyo ninaposimama kando ya meza siharakishi. Natazama mstari wa leza ya pembeni ukigusa ubavu wa mgonjwa, na kama umelala juu ya kifua chake au umezama kwenye godoro napandisha au nashusha meza mpaka ugawe ubavu wake sawasawa nusu kwa nusu. Majeruhi huja wamebebwa juu ya blanketi na shuka zilizokunjwa, na mara nyingine mto umeachwa chini ya mgongo. Vyote hivyo humnyanyua, na meza iliyokuwa sahihi kwa mgonjwa aliyetangulia haiwi sahihi kwake. Halafu natazama mikono. Kwa kipimo cha kifua au tumbo mikono inapaswa kuwa juu ya kichwa, kwa sababu mikono iliyolala ubavuni huongeza unene ambao mfumo unalazimika kuupenya, na mifupa yake huacha michirizi kwenye picha za ini. Mzee mwenye bega bovu hatanyanyua mikono kwa kuambiwa tu "nyanyua". Nikimwekea mto chini ya viwiko na kumsaidia taratibu, wengi hufika. Asiyeweza kabisa simlazimishi.

Urefu wa eneo nao unataka jicho. Skauti ikishatokea, mistari miwili ya mwanzo na mwisho iko mikononi mwa anayeketi kwenye kompyuta, na tabia ya binadamu ni kuongeza kidogo juu na kidogo chini ili asije akakosa kitu. Kipimo cha kifua kinachotakiwa kuishia kwenye tezi za juu ya figo huteremka mpaka katikati ya figo zenyewe. Kipimo cha tumbo hupanda mpaka kwenye moyo. DLP inakua kwa kila sentimita. Kwenye kichwa ni muhimu zaidi, kwa kuwa lenzi ya jicho ni miongoni mwa tishu zinazodhurika kwa urahisi: tangu mwaka 2011 Tume ya Kimataifa imeshusha kiwango kinachoweza kuleta mtoto wa jicho hadi grei 0.5. Kuinamisha kidevu cha mgonjwa kuelekea kifuani, shingo yake ikiwa haishukiwi kuumia, au kuinamisha gentri, lile duara la mashine linalomzunguka mgonjwa, kwa mashine zinazoweza, huyatoa macho kwenye njia ya mionzi bila kupoteza chochote cha ubongo.

Kuna suala la sauti ambalo sikulisoma chuoni. Mashine hutoa maelekezo ya pumzi yaliyorekodiwa, na mashine yetu ilipofungwa yalikuwa ya Kiingereza. Mzee aliyetoka kijijini anasikia sauti ngeni ndani ya tundu la mashine, anashtuka, anageuza kichwa kutafuta anayemsemesha, na katikati ya kipimo cha kifua anavuta pumzi. Picha zinatikisika na kipimo kinarudiwa. Wengi wetu tulizoea kurudia hivyo kana kwamba ni hali ya hewa. Siku moja fundi wa mashine alitufahamisha kwamba sauti ile inaweza kubadilishwa, na mwenzetu mwenye sauti tulivu akarekodi: "Vuta pumzi ndani... bana, usipumue... haya, pumua." Sasa kabla ya kuanza tunafanya mazoezi na mgonjwa akiwa bado amekaa, mara mbili au tatu, na kwa mzee asiyesikia Kiswahili vizuri ndugu yake humweleza kwa lugha ya nyumbani. Marudio ya vipimo vya kifua yamekuwa machache sana. Mashine ni ile ile.

Watoto wanastahili maneno mengi zaidi. Seli zao zinagawanyika kwa kasi, na wana miaka mingi mbele yao ambayo madhara yanaweza kujitokeza. Mwaka 2012 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti wa Uingereza uliofuatilia watu waliopigwa CT utotoni, ukaonyesha kwamba dozi ya jumla ya kama miligrei 50 kwenye uboho iliambatana na hatari ya saratani ya damu iliyokaribia mara tatu, na kama miligrei 60 kwenye ubongo iliambatana na ongezeko la namna hiyo kwa uvimbe wa ubongo. Watafiti wenyewe walieleza kwamba idadi halisi ya watoto waliougua ilibaki ndogo, kwa kuwa magonjwa hayo ni adimu. Mwaka 2023 matokeo ya utafiti mkubwa zaidi wa nchi tisa za Ulaya, uliohusisha watu zaidi ya laki tisa, yalithibitisha uhusiano kati ya dozi hizo na saratani za damu. Kwangu mimi tafiti hizo zilimaliza ubishi wa kama jambo hili ni la kweli au ni la nadharia tu.

Mtoto hapaswi kupigwa kwa itifaki ya mtu mzima, hata kama mashine itakubali. Tunachagua kwa uzito wake, tunashusha kilovolti, yaani nguvu ya umeme inayosukuma eksirei, hadi 100 au 80 pale mwili unaporuhusu, na tunapiga mara moja, eneo moja, awamu moja. Shida ni kumtuliza. Mtoto mchanga hupewa nafasi anyonye kwanza, tukiwa tumeshaandaa kila kitu, jina limeshaingizwa na itifaki imeshachaguliwa. Akishasinzia, mama yake humviringisha kwa kanga kama anavyomviringisha nyumbani, kanga isiyo na pini wala kifungo, tunamlaza na kufunga mkanda laini. Kipimo chenyewe ni cha sekunde chache. Njia hii imetuepusha mara nyingi na dawa ya usingizi, ambayo ina hatari zake. Mama akitaka kubaki humo ndani namuuliza kama ana ujauzito. Asipokuwa nao, namvisha aproni ya risasi na kumsimamisha pembeni ya gentri anapoweza kumshika mtoto mguu.

Swali la ujauzito lina adabu yake. Haliulizwi mbele ya kila mtu. Binti wa miaka kumi na saba aliyeletwa na bibi yake atajibu "hapana" hata kama hedhi yake imepita wiki mbili. Mimi humwambia bibi, "Bibi, naomba utusubiri hapo nje kidogo, nambadilisha mwanao nguo," kisha nikishabaki na binti namuuliza tarehe ya hedhi yake ya mwisho, polepole, bila kumkazia macho. Nimepata majibu tofauti na yale ya mlangoni. Hata ujauzito ukiwapo, kipimo cha kichwa kinaweza kuendelea, maana mtoto tumboni anapata mionzi kidogo sana; kwa tumbo tunarudi kwa daktari kuzungumza upya.

Kuhusu mkondo na kilovolti, fizikia yake iko upande wetu. Mkondo ukipunguzwa kwa nusu, dozi nayo inapungua kwa nusu, lakini chengachenga kwenye picha huongezeka kwa asilimia 41 tu. Kilovolti zikishuka kutoka 120 hadi 100 bila kugusa kingine, dozi hupungua kwa theluthi moja au zaidi, na ayodini iliyomo kwenye kontrasti hung'aa zaidi, jambo linalowafaa sana wagonjwa wembamba. Mapafu huvumilia chengachenga kwa sababu hewa na tishu zimetofautiana sana. Ini halivumilii, kwa kuwa uvimbe na tishu nzuri hukaribiana rangi. Kikwazo hakikuwa kwenye fizikia, kilikuwa kwenye mazoea ya macho. Daktari bingwa aliyezoea picha laini huona picha yenye chenga kuwa imeharibika, na ana haki ya kuuliza, kwa sababu sahihi kwenye ripoti ni yake. Tulikubaliana kushuka kwa hatua ndogo, kila hatua ikikaa muda wa kutosha, naye akisoma bila kuambiwa tumefika wapi, na akisema tu kama jibu linapatikana au halipatikani. Kwenye kifua tulishuka mbali kuliko alivyotarajia. Kwenye ini alitusimamisha mapema, nasi tukasimama.

Tahadhari ya mwisho ni kusoma namba kabla ya kubonyeza. Mwaka 2009 FDA ilitoa taarifa kuhusu hospitali moja ya Los Angeles ambako wagonjwa 206 waliopimwa mtiririko wa damu kwenye ubongo, katika kipindi cha miezi 18, walipata takriban mara nane ya dozi iliyokusudiwa: grei 3 hadi 4 kichwani badala ya nusu grei. Itifaki ilikuwa imebadilishwa, na jambo likajulikana baada ya mgonjwa kunyonyoka nywele. FDA ikazitaka hospitali zitazame dozi inayoonyeshwa kwenye skrini kabla ya kuanza kipimo. Huwasimulia vijana wetu kisa hiki kwa sababu kilitokea katika nchi yenye vifaa na wataalamu wengi. Katika idara yetu itifaki hazibadilishwi na mtu mmoja. Anayebadilisha huandika kwenye daftari tarehe, alichokibadilisha na sababu yake, na mwenzake hutia sahihi.

Daftari hilo hilo lina ukurasa mwingine, ambao kila zamu hujaza umri, uzito, kipimo, awamu, CTDIvol na DLP. Kila baada ya muda tunapanga namba za watu wazima wa kila kipimo kutoka ndogo hadi kubwa, tunachukua ile ya katikati, na kuilinganisha na viwango vya rejea, yaani dozi za kulinganishia zilizowekwa kwa kila kipimo. Ulaya imekuwa ikitumia miligrei 60 kwa kichwa cha mtu mzima tangu mwongozo wake wa 1999. Chuo cha Radiolojia cha Marekani kimeweka 75 kwa kichwa na 25 kwa tumbo. Viwango hivi si mstari wa adhabu. Ya katikati ikivuka, tunatafuta sababu, na ikiwa chini mno vilevile tunatafuta, kwani pengine picha hazisomeki. Upungufu uliopo ni kwamba viwango vya kuazima vimetokana na miili, mashine na mazoea ya kwingine. Kiwango cha taifa huwekwa pale ambapo asilimia 75 ya namba za katikati za hospitali mbalimbali ziko chini yake, kwa hiyo hakiwezi kupatikana bila hospitali kukusanya na kutoa takwimu zake. CT-Scan zimeshafika kwenye hospitali nyingi za rufaa za mikoa. Nawaomba wenzangu waliokaa mbele ya mashine hizo waanze na daftari la kawaida la mistari, hata kama hakuna programu ya kuhifadhi dozi, na waanze na CT ya kichwa ya mtu mzima, kwa sababu hiyo ndiyo inayopigwa kila siku na ndiyo rahisi kulinganisha.